Mablanketi Nyuma ya Kanisa

Mtu akifanya kazi moja kwa miaka thelathini na mmoja, mikono yake huzoea kuamua mambo bila kumshirikisha mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama Povu. Alistaafu katika chumba cha kufulia cha hospitali, akaagwa kwa soda, hotuba tatu na saa ya ukutani, akarudi nyumbani kupumzika. Alipumzika siku nne. Siku ya tano bintiye, msusi mwenye saluni ndogo kwenye chumba cha mbele, alimkuta keshafua mapazia, vitambaa vya makochi, taulo zote za saluni na koti la mteja aliyekuwa bado anasukwa.

"Mama, koti hilo lina mwenyewe."

"Najua lina mwenyewe. Na mwenyewe ana kola chafu."

"Sasa atarudi kwao amevaa nini?"

"Atarudi na nywele mpya, nani atatazama koti? Aje kulichukua kesho."

Msusi alicheka mpaka akapoteza mstari aliokuwa akiusuka. Kisha akamwambia mama yake ukweli, maana watoto wa siku hizi wanao huo ujasiri: "Mama, kupumzika hukuwezi. Tafuta kazi kabla hujaanza kuwafua wateja wenyewe."

Kazi ilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa ameiona. Kanisa lake lilikuwa na idara ya kwaya, ya vijana, ya akina mama, na idara ya huduma kwa jamii. Hii ya mwisho ilikuwa na jina refu kuliko zote na kazi fupi kuliko zote: Jumamosi moja kila mwezi wajumbe walipita mitaani kugawa vikaratasi vyenye mistari ya kutia moyo. Watu walivipokea kwa adabu, na muuza duka akafungia misumari. Mama Povu alikuwa mjumbe wa idara hiyo kwa sababu siku ya uchaguzi alichelewa kufika, na mtu asiyekuwepo, kama tunavyojua sote, huchaguliwa kwa kura nyingi sana.

Siku moja, katika kugawa vikaratasi, mvua ilimkuta mbele ya nyumba ya Mwalimu, mkabala na mashine ya kusaga. Huyu Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu, mkubwa kwake kwa miaka kama kumi, aliyewafundisha nusu ya watu wa mtaa ule kusoma. Hata sasa alitembea wima utadhani kengele imelia. Mumewe alikuwa dereva wa malori makubwa mpaka kiharusi kilipomlaza, na huo ulikuwa mwaka wa pili hajiwezi kitandani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmeniletea karatasi nyingine?" Mwalimu alisimama mlangoni kama mtu anayeziba tundu. Lakini mvua ilizidi, na Mwalimu, pamoja na ukali wake, hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake alowe. "Haya, ingia. Usitazame fujo."

Mama Povu hakutazama. Alinusa. Pua ya mtu aliyefulia hospitali haihitaji macho. Sebule ilikuwa imefungwa madirisha yote mchana kweupe, na juu ya viti vinne vilivyogeuziana migongo lilikuwa limetandazwa blanketi zito la kijivu lililosuuzwa kwa maji kidogo, likikaukia gizani. Alielewa habari yote kabla hajaketi. Maji ya bomba mtaani yalitoka mara mbili kwa wiki. Blanketi la mtu mzima likilowa lina uzito wa mtoto wa darasa la pili, na mwanamke wa umri ule halikamui peke yake. Na kamba ya kuanikia ya nyumba ile ilikuwa mbele, kandokando ya barabara, ambako kila apitaye angehesabu mashuka na kujua nani kalowesha nini.

Alikunywa chai, akauliza hali ya mgonjwa, akaaga. Lakini mikono ilimwasha njia nzima.

Kwenye kikao cha idara, mchungaji aliuliza swali alilouliza kila mara bila kujibiwa: "Jamani, jirani zetu hapa wanahitaji nini hasa?" Mmoja akasema mkutano wa hadhara. Mwingine akasema tamasha la kwaya. Mama Povu akainua mkono uliokunjika kwa maji ya miaka yote ile.

"Wanahitaji kufuliwa mablanketi."

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. "Mama, sisi ni kanisa. Kufua ni injili?"

"Mzee wangu, wewe ukilala palipolowa, hiyo injili utaisikia?"

Watu walicheka, mzee naye akacheka, na ukimchekesha mzee wa kanisa umeshapita nusu ya njia. Mama Povu akaeleza bila kumtaja mtu: zipo nyumba zenye wagonjwa wa kitandani, zipo nyumba za vikongwe, na wenye nyumba hizo wanakaushia matandiko ndani, ndiyo maana mtu anapona ugonjwa mmoja na kuanza wa kifua. Kanisa lina paa kubwa, lina tangi la maji ya mvua linalojaa na kumwagika bure. Nyuma lina ua wenye jua toka asubuhi hadi jioni, ambao kazi yake ni kusimamishiwa maturubai ya harusi. Wazee wakashauriana, wakampa ua huo kwa Jumamosi sita. Pasipopatikana nyumba za kuhudumia, ua unarudi kwenye maturubai.

Hapo ndipo ungemwona Mama Povu alivyofufuka! Alitoka kwenye kikao karibu anakimbia. Wiki hiyo hiyo alimkamata fundi bomba, baba mnene aliyeimba besi kwenye kwaya, akamwambia anataka mabirika manne ya saruji, mawili ya kuloweka, moja la kufulia, moja la kusuuza, na bomba juu ya kila moja. Fundi akasema atafikiria. "Fikiria ukiwa unachimba," Mama Povu akamjibu, akampa sepetu. Siku nane baadaye mabirika yalikuwepo, yamekauka, na kamba kumi zilikuwa zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Akina mama kumi na wawili walijiandikisha, na vijana watano ambao kwanza walidhani ni shughuli yenye chakula.

Akawafundisha kama alivyofundishwa. Maji baridi kwanza, kamwe si ya moto, maana ya moto yanalipika doa likakaa milele. Sabuni iyeyushwe kabla, isimwagwe juu ya nguo. Blanketi hukamuliwa na watu wawili, mmoja kila ncha, mmoja akisokota kulia na mwenzake kushoto, bila kuoneana huruma. "Anayecheka atalegeza," aliwaambia, na wote walicheka, na wote walilegeza.

Kazi ngumu ilikuwa kuwapata wenye mablanketi. Hizo nyumba alizipita mwenyewe, akibisha hodi kwa sauti ndogo. Kwa Mwalimu alikwenda mara tatu. Mara ya tatu Mwalimu akasema, "Nikikupa, nani atajua?"

"Mimi na wewe, Mwalimu. Hii ni siri yetu."

Mwalimu akaingia ndani, akatoka na furushi lililofungwa kwa khanga, akampa bila kumtazama usoni.

Jumamosi ya kwanza zilikuja nyumba tisa. Tisa! Mama Povu alikuwa amejiambia akipata tatu atamshukuru Mungu. Ua ulijaa harufu ya sabuni na nyimbo, fundi bomba akibeba maji machafu kwenda kuyamwaga kwa ndoo mbilimbili huku akiimba sauti ya chini ambayo bila kwaya ilisikika kama lori likipanda mlima. Kufikia saa tisa kamba zote kumi zilikuwa zimejaa, na upepo ulipopita mashuka yote yakainuka kwa pamoja, akina mama wakapiga vigelegele bila kupanga. Jioni Mama Povu alimrudishia Mwalimu mablanketi yake yakiwa makavu, mepesi, yakinukia jua. Mwalimu aliliweka moja shavuni, akafumba macho. 

Basi hapo ndipo Mama Povu alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la ufundi wake. Hospitalini, siku haikwisha mpaka taarifa iandikwe: furushi limetoka wodi gani, lina vipande vingapi, lilikuwa katika hali gani. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kulala na taarifa moja pungufu. Na kanisani kila idara hupeleka taarifa yake kwa katibu, ili kazi ya Bwana ijulikane. Kwa hiyo aliketi, akavaa miwani, akaandika karatasi mbili safi, zenye mistari iliyonyooka, akampelekea katibu. Siri aliyomwahidi Mwalimu ilikuwa siri ya mdomo. Kwamba kalamu nayo ina mdomo, halikumjia kichwani.

Katibu huyo watu walimwita Redio. Alikuwa mtu mwema, mkarimu, asiyeweza kupita karibu na kipaza sauti bila kukipuliza. Na kanisa lilikuwa na spika mbili kubwa juu ya paa, zimeelekezwa barabarani, kwa sababu wazee waliamini kwamba asiyeingia ndani basi angalau asikie.

Jumapili Mama Povu aliketi mstari wa mbele, kilemba kipya, tabasamu ameliandaa kabisa. Matangazo yakafika.

"Wapendwa!" Redio akanguruma, na paa likanguruma naye. "Idara ya huduma kwa jamii imefanya mambo makubwa! Sikieni taarifa. Nyumba ya kwanza. Nyumba ya Mwalimu, mkabala na mashine ya kusaga. Mgonjwa ni mumewe, hajiwezi, mwaka wa pili. Mablanketi mawili, mashuka matano. Hali: mkojo, yamekaa muda mrefu."

"Amina!" mtu mmoja akaitikia kutoka nyuma.

Tabasamu lilimgandia Mama Povu usoni. Alisimama, akapunga mikono yote miwili. Redio alimwona, akadhani anatiwa moyo, akapandisha sauti. "Nyumba ya pili!" Mpaka mchungaji alipomfikia na kukizima kile kipaza sauti kwa mkono wake, zilikuwa zimeshasomwa nyumba saba, na nje barabarani, hatua mia mbili hadi mashine ya kusaga, kila mtu alikuwa amesikia neno kwa neno.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole litapona. Mama Povu hakungoja baraka za mwisho. Alitoka na kilemba chake kipya, akaenda moja kwa moja kubisha kwa Mwalimu.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Mama Povu."

"Sina nguo chafu."

"Sikufuata nguo. Nimekuja kuomba radhi. Karatasi niliandika mimi, kwa mkono wangu huu."

Mlango haukufunguka. Sauti ya Mwalimu ilitoka ndani, tulivu, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Sasa hivi nimetoka dukani kununua chumvi. Muuza duka nilimfundisha mimi kushika kalamu. Ameniuliza, kwa heshima zote, 'Mwalimu, yamekauka lakini?' Afadhali angenicheka. Nenda, mama. Sina hasira na wewe. Nina kazi."

Kutoka chumba cha ndani sauti ya mwanamume, nzito na ya taabu, iliuliza kitu.

"Hakuna mtu," Mwalimu akamjibu.

Jumamosi ya pili haikuja nyumba hata moja. Ya tatu vilevile. Akina mama walikaa kwenye kingo za mabirika wakichezesha miguu, vijana wakacheza mpira, na mzee wa kanisa akapita mara mbili akipima ua kwa hatua, akiwazia maturubai yake. Lakini si ua uliomuumiza Mama Povu. Kilichomuumiza ni kujua kwamba kule mkabala na mashine ya kusaga madirisha yamefungwa tena, blanketi liko juu ya viti, na mtu mzima aliyewahi kuendesha malori nchi na nchi amelala kwenye unyevu kwa sababu yeye, bingwa wa usafi, alipenda mistari iliyonyooka.

Redio alikuja nyumbani kwake, kofia mkononi, sauti imemwisha. "Mama, nimekosa. Jumapili nitasimama nimwombe radhi Mwalimu mbele ya watu wote."

"Kwa kipaza sauti?"

"Kwa kipaza sauti."

"Umtangaze mara ya pili! Baba, nakuomba, ninyi watu wa matangazo mna ugonjwa gani?" Kisha akamhurumia, maana machozi yalikuwa karibu. "Kaa chini. Wewe ulisoma tu nilichoandika. Ulisoma vizuri mno, hiyo ndiyo taabu yako."

Wakati huo, katika chumba cha mbele, mteja mmoja wa saluni alikuwa ameoshwa nywele na anaulizia taulo. Msusi akaenda kwenye kamba, akaanua ya kwanza aliyoigusa.

"Hii ndiyo iliyofuta kichwa changu wiki iliyopita?" mteja akauliza kwa wasiwasi.

"Dada yangu, zipo ishirini, zote zimefuliwa pamoja, zimeanikwa pamoja. Hata mimi sijui ipi ilifuta kichwa cha nani. Ukiijua wewe, nitakusuka bure."

Mama Povu alisimama ghafla hata kikombe cha Redio kikamwagika. "Umesema nini?"

"Nimesema taulo zote ni za saluni, mama."

"Zote ni za saluni!" Alimshika bintiye mashavu, akambusu paji la uso. "Zote zimeanikwa pamoja! Jamani, mimi ni mjinga kiasi gani!" Na akatoka mbio kwenda kwa mchungaji, viatu vya ndani miguuni, Redio akimfuata nyuma akiuliza kumetokea nini.

Alimkuta mchungaji anaosha pikipiki. Akamwambia bila hata salamu: "Baba mchungaji, naomba mashuka yako."

"Mashuka yangu?"

"Yako na ya mama mchungaji. Na ya katibu huyu hapa, na ya wazee wote. Tatizo letu ni kwamba kwenye zile kamba kuna nguo za wenye shida peke yao. Atakayeleta furushi lake pale amejitangaza hata kama hatujasema neno. Lakini kamba ikijaa mashuka ya kanisa zima, nani atajua lipi la nani? Na hakuna taarifa, hakuna majina. Mtu akija, achague uzi wa rangi anayotaka, nitaushona pembeni mwa kila nguo yake, jioni anaonyesha uzi anachukua vyake. Basi!"

Mchungaji alifikiri, akakuna shingo. "Mashuka yetu yana viraka, mama."

"Hayo ndiyo nayataka zaidi!"

Mama mchungaji alisikia kutoka dirishani, akacheka kicheko kikubwa. "Mpe na lile la maua lililochanika, baba. Nimechoka kulificha wageni wakija."

Jumapili mchungaji aliyasema hayo mwenyewe, na spika za juu ya paa zilikuwa zimezimwa. Barabarani watu walishangaa. Mama mmoja alichungulia getini kuuliza kama kanisa limefungwa. Baada ya ibada Redio alianza kupita nyumba zile tisa kwa miguu, bila kifaa chochote, akiomba radhi kwa sauti ya kawaida, ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Nyumba nyingine walimsamehe pale pale, nyingine wakamwacha jua limchome kwanza. Kwa Mwalimu hakufunguliwa. Ijumaa Mama Povu alimtuma fundi bomba ajaribu tena, na fundi akarudi akisema Mwalimu amezungumza naye dirishani, kwa adabu, kwamba wao hawana haja ya kitu.

Jumamosi ya nne ilipambazuka bila wingu hata moja. Saa mbili asubuhi foleni ya kanisa ilikuwa imefika barabarani. Kila mtu na beseni lake, kila mtu na aibu yake ndogo: mashuka yaliyofifia, foronya zisizolingana, blanketi la mzee wa kanisa lenye tundu la pasi ambalo mkewe alilieleza kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Redio alileta mashuka ya njano yenye picha za magari, akajitetea kwamba ni ya mtoto, na watu wakakumbuka kwamba mtoto wake ana miaka ishirini na sita na anaishi kwake mwenyewe. Mama Povu aliwapokea wote akiwa na sindano kifuani na vibiringo vya nyuzi shingoni, akishona nyekundu hapa, kijani pale, huku moyo unamwenda kama mashine.

Saa nne, katikati ya umati, akaingia mwanamke wa nyumba ya pili katika ile taarifa. Hakuna aliyegeuka. Alichagua uzi wa zambarau. Nusu saa baadaye akaja wa nyumba ya tano, kisha watu wawili ambao hawakuwahi kuandikwa popote. Kamba kumi hazikutosha, vijana wakaongeza tatu, na mtu wa nje angedhani kanisa zima linahama. Mama Povu alijikuta anaimba. Alikuwa na furaha kiasi cha kuogopa, na katika furaha hiyo yote macho yake hayakutulia: kila baada ya blanketi moja aliyarusha getini.

Adhuhuri ilipita. Ilikuwa inakaribia saa nane Mwalimu alipotokea.

Hakupitia katikati ya watu kwa kujificha. Alikuja wima vilevile, furushi kichwani, akavuka ua wote hadi kwenye birika la kuloweka, na wanafunzi wake wa zamani wakampisha bila kuambiwa. Redio alijibanza nyuma ya shuka lake la magari. Mama Povu alifuta mikono kwenye aproni, akakimbilia kazi.

"Shikamoo, Mwalimu. Chagua uzi."

"Marahaba. Sitaki uzi." Mwalimu akatua furushi, akalifungua mbele ya watu wote. Lilikuwa lile blanketi la kijivu na mwenzake. "Haya ni ya mume wangu. Na sikuja kwa ajili yako, mama, usije ukafurahi bure."

"Sifurahi," Mama Povu akasema, na ulikuwa uongo mtupu.

"Jana alinisikia nikimwambia fundi wenu kwamba hatuna haja. Nilipoingia ndani akaniita. Tangu aumwe maneno yanamtoka kwa shida, moja leo moja kesho, lakini jana aliyatoa yote. Akasema, 'Mke wangu, siku ile aliyetangazwa ni mimi, si wewe. Mimi nimeshawasamehe. Na anayelala juu ya blanketi ni mimi.'" Mwalimu akalinyoosha blanketi ukingoni mwa birika. "Miezi yote hii nalinda heshima yake. Sikuwahi kumuuliza yeye anataka nini."

Hakuna aliyekuwa akifua tena. Maji ya bomba yalisikika yakimwagika kwenye birika.

"Na sasa hivi amelala vipi?" Mama Povu akauliza.

"Kwa khanga zangu mbili. Ananisubiri."

"Basi tuwahi jua, Mwalimu!"

Akalitosa blanketi majini, akalipiga, akalisuuza, mikono ikienda yenyewe na machozi yakienda yenyewe, akicheka juu ya yote mawili. Alipoliinua kulikamua akageuka kumwita mtu wa kushika ncha ya pili. Mwalimu alikuwa ameshaishika, mikono ya gauni ameikunja hadi viwikoni.

"Nisokote kulia au kushoto?" akauliza.

"Kushoto, Mwalimu. Na usinionee huruma."

Wakasokota.